Kulenga shabaha na bunduki ya upepo kwa saiti za wazi, bila darubini

Wadau, watu wengi wakishanunua bunduki ya upepo kitu cha kwanza wanachokimbilia ni darubini, zile saiti za wazi zilizokuja nayo (pengo la nyuma na kijiti cha mbele cha kulengea, bila kioo) wanazing'oa hata hawajazijaribu. Mi naomba uziache kwanza. Ukijua kupiga kwa saiti za wazi umejua kushika bunduki, umejua triga, umejua kutumia jicho lako, na hivyo vitatu utaenda navyo kwenye bunduki yoyote utakayoshika baadae.

Sheria kwanza maana hapa watu wanajidanganya. Kwa mlioko England, raifo ya upepo ambayo nguvu yake haizidi fut-paundi 12, yani joule 16 na kidogo, mtu mzima wa miaka 18 anaimiliki bila cheti, ila ukivuka kwenda Scotland cheti kinahitajika toka mwisho wa 2016. Ujerumani ile isiyohitaji kibali ni ya mwisho joule 7.5 na inagongwa alama ya F ndani ya pembe tano. Kwa mlioko nyumbani, Bongo au Kenya, usiseme "si upepo tu", nenda polisi ukaulize kibali kabla hujatoa hela yako.

Bunduki nitakayoiongelea ni ya springi, ile unayovunja mtutu kukoki, kama HW 30 S ya Weihrauch, kampuni ya Ujerumani. Saiti ya nyuma ina pengo, saiti ya mbele ni kijiti kimesimama karibu na mdomo wa mtutu. Kijiti kiingie katikati ya pengo, mwanga wa kushoto na wa kulia ulingane, na kichwa cha kijiti kiwe sawasawa na mabega ya saiti ya nyuma, kisizidi wala kisizame. Hiyo ndo picha, hamna nyingine.

Sasa hapa ndo penyewe. Jicho lina uwezo wa kuona vizuri umbali mmoja tu kwa wakati mmoja, sa una vitu vitatu mbele yako, saiti ya nyuma, kijiti na karatasi ya shabaha, na kila mtu anayeanza anaangalia karatasi kwa sababu ndo anayotaka kuipiga. Usiangalie karatasi. Angalia kijiti, ukione kingo zake kali kabisa, karatasi iache iwe ukungu, na saiti ya nyuma nayo ififie kidogo. Najua inaonekana kinyume ila fanya hesabu uone: bunduki ambayo kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele ni sm 40, unapiga mita 10, kijiti kikiegemea pembeni ya pengo kwa mm 1 tu risasi inaenda sm 2.5 nje, maana mita 10 ni mara 25 ya sm 40 na kosa linazidishwa hivyohivyo. Lakini kama kijiti kimekaa sawa na bunduki nzima imesogea mm 5 pale kwenye karatasi, unakosa kwa hizo mm 5 basi, hazizidishwi. Kosa la saiti linakula mara 25, kosa la karatasi linakula mara moja, sa jicho ulipeleke wapi?

Karatasi nayo ichague vizuri. Ile rasmi ya raifo ya upepo ya mita 10 ni ndogo sana kwa saiti za wazi, duara zima lina mm 45.5 na kumi yake, yani pale katikati penye alama kumi, ni nukta ya nusu milimita, wale wanaopiga shabaha ya ukubwa huo kwenye Olimpiki wana saiti za kitundu, wanachungulia kwenye tundu dogo. Wewe tafuta karatasi ya bastola ya upepo ya mita 10, weusi wake una mm 59.5 na kumi yake mm 11.5, wale wa bastola wanapiga kwa saiti za wazi kama wewe. Halafu usilenge katikati ya weusi, kijiti cheusi juu ya weusi hukioni kinaanzia wapi. Lenga chini yake, acha ufito mwembamba wa weupe kati ya kichwa cha kijiti na ukingo wa duara, na saiti ya nyuma uirekebishe mpaka risasi ziangukie katikati. Kama saiti zako ni zile za nyuzi zinazong'aa kijani na nyekundu, kwa kuwinda sawa, ila kwa karatasi ule mng'ao unameza kingo za kijiti, zipake rangi nyeusi isiyong'aa. Hata saiti ya chuma ikianza kung'aa, jua likiipiga upande mmoja jicho linavutwa, wazee wa kazi wanaipitisha juu ya moshi wa mshumaa iingie masizi.

Kushika. Bunduki ya springi ina tabia yake, pistoni inaruka ndani na bunduki inaanza kutikisika wakati peleti, yani kile kirisasi kidogo cha bunduki ya upepo, bado iko ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiikaba inaruka vingine kila mara. Mkono wa mbele uwe kitanda tu, kiganja wazi, mti wa bunduki ulale juu yake bila vidole kuubana, kitako kiguse bega bila kusukumwa. Usiilaze moja kwa moja kwenye meza au tofali, itaruka, weka mkono wako katikati. Na kiganja kikae palepale kila risasi, tia alama ya chaki kwenye mti kama unasahau.

Ukishakaa, funga macho, pumua mara mbili tatu, fungua. Kama kijiti kimeenda kushoto kwa karatasi usikivute kwa mikono, sogeza miguu au makalio mpaka mwili wenyewe uelekee pale. Toa pumzi, subiri, na kama sekunde 7 au 8 zimepita hujapiga shusha bunduki upumue uanze upya, usilazimishe, jicho lishaanza kuchoka. Triga ibonyeze kwa nyama ya ncha ya kidole, taratibu ikizidi kidogokidogo wakati macho yako kwenye kijiti, na ikishalia usinyanyue kichwa, baki umekiangalia uone kimerudi wapi.

Kurekebisha ni rahisi ila watu wanakimbiza risasi mojamoja. Piga tano bila kugusa kitu, tafuta katikati ya matundu yote matano, ndo usogeze saiti ya nyuma kule unakotaka risasi ziende: zinaenda kushoto, sogeza kulia, zinaenda chini, pandisha. Tumia peleti zenye kichwa bapa, mm 4.5, zinakata tundu safi la mviringo kwenye karatasi na huna haja ya kubahatisha imepita wapi.

Kwa wenzangu mliovuka 40 na kijiti kimeanza kuwa na manyoya, sio mwisho, nenda kwa mtu wa miwani umwambie unataka kuona vizuri umbali wa kama mita moja, lenzi ya nguvu ndogo tu inarudisha kingo. Jicho lingine usilikunje, linachosha hata lile linalolenga, bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kioo cha miwani upande huo uache wazi yote mawili.

Na haya usiyaruke hata siku moja. Ukivunja mtutu kuweka peleti, mkono mwingine ubaki umeushika mtutu mpaka umefunga, triga ikiteleza ule mtutu unarudi kwa nguvu ya kuvunja vidole. Usifyatue bila peleti ndani, pistoni inakosa hewa ya kuizuia inagonga chuma. Nyuma ya karatasi weka boksi lililojaa nguo kuukuu au magazeti yaliyoshindiliwa, sio bati wala ukuta mtupu, peleti inarudi, na vaa miwani hata kama unapiga peke yako. Peleti nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi (lead), yana sumu, usizibane mdomoni wakati unapakia, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula au mtoto.