Kujisajili SHA na kulipa kama huna mwajiri

Kadi ya NHIF haifanyi kazi tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya umma Kenya ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyochukua nafasi ya NHIF. Wengi wanaoambiwa kwenye dirisha la hospitali "hujalipa" wamejisajili, ila waliishia katikati.

Anza na *147# kwa simu yako, au tovuti ya Afya Yangu. Usipoelewana na simu, nenda Huduma Centre na kitambulisho. Jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha ongeza mume au mke na watoto. Mchango mmoja ni wa nyumba nzima.

Hapo ndipo watu huweka simu mfukoni wakidhani wamemaliza. Bado! Yapo maswali ya kupima uwezo: paa la nyumba, kuta, maji, choo, mnaishi wangapi. Jibu ukweli, kwa kuwa majibu hayo ndiyo mfumo unayotumia kukadiria mapato yako, kisha unakutoza asilimia 2.75. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 au zaidi. Kwa mama mboga hiyo ni bidhaa za siku kadhaa, na sioni ajabu wengi kukwama hapo. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo, ulianza 2025 kwa ajili ya watu kama hao.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia ileile kwenye mshahara kabla ya makato: wa 40,000 hutoa 1,100.

Zahanati na kituo cha afya cha umma hutibu bure aliyejisajili, hata kama hajalipa. Kuanzia hospitali ya daraja la nne (Level 4, kama ya kaunti ndogo) kwenda juu, lazima mchango uwe umelipwa. Mapokezi watachukua alama za vidole na kuomba idhini ya SHA, kisha SHA italipa hospitali moja kwa moja, kwa kiwango maalumu: kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Hospitali ya binafsi ikidai 80,000 za upasuaji, zile 50,000 zilizobaki ni zako. Basi uliza kabla ya kulazwa: "SHA inalipa ngapi, na mimi natoa ngapi?" Siku ya kutoka, itisha bili iliyochanganuliwa na uone kama fedha za SHA zimeondolewa kabla hujatoa hata senti.