Jinsi ya Kujifunza Kutengeneza Filamu kwa Kufuata Nyayo za Watangulizi wa Sinema

Mtu anayetaka kujifunza kutengeneza filamu siku hizi hukutana na kamera zenye vitufe vingi na programu za uhariri zenye amri zisizohesabika, na wengi hukata tamaa kabla hawajarekodi chochote cha maana. Njia ninayoipendekeza ni kurudi mwanzo kabisa: kurekodi kama walivyorekodi watu wa kati ya mwaka 1895 na 1903, ukijifunga na mipaka iliyowafunga wao, kisha kuifungua mipaka hiyo mmoja baada ya mwingine. Unachohitaji ni kamera yoyote inayorekodi video, hata ya simu, pamoja na kitu imara cha kuishikilia isitikisike.

Kwanza elewa kwamba katika filamu hakuna picha inayokwenda. Kuna picha nyingi zilizosimama, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyoitangulia, nazo zikipita mbele ya macho kwa kasi ya kutosha ubongo huzisoma kuwa ni mwendo. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko California, na picha zake zikathibitisha kwamba farasi anapokimbia kuna wakati ambapo kwato zote nne haziko ardhini. Kilichobaki kilikuwa kupata mashine moja inayoweza kuvuta ukanda wa filamu, kuusimamisha kwa sehemu ndogo ya sekunde ili picha ipigwe, kisha kuuvuta tena, sawa na cherehani inavyosogeza kitambaa kila sindano inapopanda. Ukitaka kulihisi jambo hili mikononi mwako, chora mpira kwenye pembe ya kila ukurasa wa daftari, ukiushusha kidogo kila mara, kisha zipeperushe kurasa hizo kwa kidole gumba.

Zoezi la kwanza, ambalo ningependa ulirudie mara nyingi kuliko mengine yote, ni filamu ya sekunde 50. Mashine ya ndugu Auguste na Louis Lumière wa Lyon, Ufaransa, ilibeba ukanda wa takriban mita 17 uliozungushwa kwa mkono kwa kasi ya karibu picha 16 kwa sekunde, na ukanda ukiisha, filamu imeisha. Jiwekee sheria hizohizo: shoti moja tu, yaani kipande kimoja kisichokatwa, kamera isisogee, sauti isitumike. Halafu tafuta mahali ambapo jambo linaanza na kumalizika lenyewe ndani ya muda huo. Ndugu Lumière walichagua lango la kiwanda chao wakati wafanyakazi wanatoka, na waliirekodi filamu hiyo zaidi ya mara moja. Nakala tatu zinazojulikana hutofautishwa kwa farasi: moja ina gari la farasi mmoja, nyingine la farasi wawili, na ya tatu haina farasi. Kwa hiyo hata filamu inayoonekana kama tukio lililonaswa kwa bahati ilikuwa imefikiriwa, ikapimwa na kurudiwa.

Kabla ya kubonyeza kitufe, simama mahali ulipopachagua na utazame kwa muda mrefu bila kamera. Angalia watu wanaingilia wapi na kutokea wapi, jua linapiga upande gani, na ni sehemu gani ya picha itabaki tupu. Kisha amua pembe. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuikabili barabara moja kwa moja, kiasi kwamba kila kinachopita kinakatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoweka upesi. Katika filamu ya ndugu Lumière ya treni ikiwasili kwenye kituo cha La Ciotat, Ufaransa, kamera iliwekwa jukwaani karibu na reli, kwa hiyo treni inatokea mbali ikiwa ndogo, inakua kadiri inavyokaribia, na kupita kando ya mtazamaji. Mstari wa mshazari huipa picha kina na humpa mtazamaji muda wa kusubiri, na kusubiri huko ndiko mwanzo wa usimulizi.

Ukishamudu kunasa tukio, litunge. Filamu yao ya mtunza bustani ya mwaka 1895 bado ni mwalimu mzuri: mvulana anakanyaga mpira wa maji, mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira kuona kulikoni, mvulana anainua mguu na maji yanamrukia mzee usoni. Mvulana anapokimbia, mtunza bustani anamkamata na kumrudisha karibu na kamera ndipo amwadhibu. Kwa kuwa kamera haikuweza kuwafuata, tendo lilibidi liletwe mbele yake. Tunga nawe kisa chenye sababu, kosa na matokeo, uwaelekeze waigizaji wako ili kila jambo muhimu litokee ndani ya mipaka ya picha na lieleweke bila neno hata moja.

Kutoka hapo ingia kwenye mazingaombwe ya Georges Méliès, ambaye alikuwa mwanamazingaombwe wa jukwaani kabla ya kushika kamera. Kwa maelezo yake mwenyewe, kamera yake ilikwama alipokuwa akirekodi katika uwanja mmoja wa Paris, na alipoionyesha filamu hiyo aliona basi la abiria likigeuka ghafla kuwa gari la maiti. Wewe fanya hivyo kwa makusudi: rekodi mtu akiwa amesimama, mwambie agande, simamisha kurekodi, mwondoe, kisha endelea. Weka alama sakafuni miguu ilipokuwa, usiiguse kamera, na ufanye haraka kabla mwanga haujabadilika. Baadaye, katika uhariri, punguza fremu chache, yaani picha mojamoja zinazounda video, pande zote mbili za mahali vipande viwili vinapoungana, kwa sababu mara nyingi kuna mtikisiko mdogo unaoufichua ujanja. Méliès naye aliurekebisha ukanda wake kwa kuukata na kuugundisha. Huo tayari ulikuwa uhariri, na naona si haki kwamba sifa za uhariri hupewa zaidi wale waliomfuata.

Kuhusu kusogeza kamera sina mengi. Mwaka 1896 Alexandre Promio aliiweka kamera ndani ya mashua huko Venice, na majengo yakaonekana yakipita. Nawe isogeze pale tu unapokuwa na sababu.

Hatua kubwa ni kuunganisha shoti. Mwaka 1900 George Albert Smith, huko Uingereza, alimrekodi mtoto akichungulia kupitia kioo cha kukuzia, kisha akakata na kuonyesha kwa ukaribu kile mtoto anachokiona, likiwemo jicho la bibi yake. Rudia muundo huo: mtu anatazama, kinachotazamwa, kisha mtu yuleyule tena. Hakikisha anatazama upande ambao kitu kipo, na kwamba anayetembea kuelekea kulia katika shoti moja haonekani akielekea kushoto katika inayofuata, la sivyo mtazamaji atadhani amegeuka njiani. Ukiweza hili, jaribu mahali pawili kwa pamoja, mmoja akiondoka huku na mwingine akimngojea kule.

Hatimaye onyesha kazi yako kwa watu waliokusanyika, mbele ya ukuta mweupe katika chumba chenye giza. Mashine ya Thomas Edison iliyofunguliwa kwa umma New York mwaka 1894 ilitazamwa na mtu mmoja mmoja kupitia tundu, ilhali tarehe 28 Desemba 1895, katika mkahawa mmoja wa Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja na kutazama filamu za ndugu Lumière kwa pamoja. Kaa pembeni ukiwatazama wao badala ya filamu. Pale wanapoanza kugeuza macho au kunong'onezana, andika ni sekunde ya ngapi, kisha kesho rudi ukairekodi upya shoti hiyo.