Milioni ya PDM: namna ya kuipata ikiwa nzima

Tuelewane mapema: hela ya PDM (Parish Development Model), mpango wa serikali ya Uganda wa kuinua kaya maskini kupitia parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa, si zawadi. Hapa Busia kuna waliosikia "hela ya Museveni" wakainunulia magodoro. Ni mkopo wa shilingi 1,000,000, riba 6% kwa mwaka, yaani 60,000 kila mwaka juu ya ile milioni, na unarudi kwenye Sacco, chama cha akiba na mikopo cha parishi, ili jirani naye akope. Parishi hupewa milioni 100 kwa mwaka wa fedha. Piga hesabu: watu mia, basi, na vijiji ni vingi. Usikasirike ukiambiwa ungoje.

Mtu hakopi peke yake. Lazima uwe ndani ya kikundi cha kijijini chenye mradi mmoja: kuku, kahawa, samaki, nguruwe. Sisi akina mama tulichagua nguruwe. Majina yanapopitishwa, 30% ni wanawake, 30% vijana, 20% wanaume, wazee 10% na wenye ulemavu 10%. Mimi nina miaka 61, ningeweza kuwa mzee au mwanamke, na kwa miezi miwili kila daftari lilidhani niko kwenye lile lingine. Uliza umeandikwa wapi, na uoneshwe.

Sasa simu. Hela huingia kwenye Wendi, ile pochi ya simu ya Pearl Bank, zamani ikiitwa PostBank. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Yangu ilikuwa ya kijana wangu aliyeninunulia zamani. Wenzangu walikuwa wameshajenga mabanda, mimi bado napanda boda kwenda mjini kubadilisha laini. Fanya hilo leo, kabla hata ya kujaza fomu.

Kuna jamaa mmoja, simtaji, alinijia jioni. "Mama, wenzako wametoa 50,000 ya mafuta ya pikipiki, jina lisije likapotea." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, niandikie risiti." Akakumbuka ana safari. Fomu ni bure, na ukisaini milioni, pokea milioni.

Ikishaingia, usiitoe yote siku ya soko. Mimi nilitoa kwa mafungu: 480,000 majike wanne, 300,000 mbao, mabati na misumari, 150,000 pumba. Zile 70,000 nikaziacha kwenye simu kwa dawa za minyoo na daktari wa mifugo. Kila karatasi ya duka iko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, maana watu wa Sacco huja kuangalia, na mdomo mtupu hausaidii.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ya riba ni homa ya nguruwe. Hapa kwetu hatuna chanjo yake. Ikiingia bandani, inakomba. Huletwa na viatu, na makombo ya nyama ya nguruwe, na mnunuzi aliyetoka kuchinja kwa fulani. Kwa hiyo mlangoni nina beseni la dawa ya kuulia vijidudu, nabadilisha kila asubuhi, na makombo ya hotelini sipokei hata ya bure. Mnunuzi hakanyagi bandani. Anasimama pale kwenye mwembe, mimi ndiye namtoa nguruwe, na asiyetaka aende.