Insha isiyo na mifupa

Kosa ninalokutana nalo zaidi ninaposahihisha insha si tahajia. Mtu anaulizwa kuhusu zabibu, anaanza na kuumbwa kwa dunia. Tutumie swali hili: "Jadili mchango wa zao la zabibu kwa wakazi wa Dodoma."

Hatua ya 1: Pigia mstari maneno yanayoamuru. "Jadili" linataka upime, utaje na upande wa pili. "Eleza" halikudai hayo. Halafu ona "wakazi": hujaulizwa kuhusu viwanda vya mvinyo.

Hatua ya 2: Kwenye karatasi ya pembeni, andika hoja tatu au nne kwa sentensi kamili. "Kipato" ni neno tu, bado si hoja. Hoja ni hii: "Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo mkulima hupata fedha hata msimu ambao mahindi yamekauka."

Hatua ya 3: Kila hoja ipate aya yake. Hapa ndipo alama zilipo, msiharakishe. Sentensi ya kwanza ibebe hoja. Zinazofuata zijibu "kwa nini?", kisha zilete mfano: Dodoma ina ukame, mvua zake ni za msimu mmoja, na anayetegemea mahindi peke yake hukosa akiba mvua ikikatika. Sentensi ya mwisho irudi kwa mkazi uliyeulizwa. Aya ya upande wa pili ijengwe vivyo hivyo: zabibu mbichi huharibika upesi, na mnunuzi akichelewa mkulima huuza kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 4: Sasa andika utangulizi, ingawa utakaa juu. Utamtambulishaje mgeni ambaye hujamwona? Mistari minne inatosha.

Hatua ya 5: Hitimisho litoe msimamo wako. Hoja mpya haziingii hapa.

MASWALI

Kidato cha nne, Kongwa: Shikamoo mwalimu. Aya iwe na mistari mingapi?
Jibu: Marahaba. Hakuna idadi. Hoja ikiisha, ruka mstari. Ila aya ya sentensi moja hunitia shaka.

Mzazi, Chamwino: Mwanangu huanza kila insha na "haraka haraka haina baraka", hata ya ufugaji wa kuku.
Jibu: Aiache! Methali isiyogusa mada ni pambo la harusi kwenye msiba.

Mwanafunzi, Kondoa: Swali likiwa "Eleza faida za serikali kuhamia Dodoma", nianze na historia?
Jibu: Sentensi moja tu: uamuzi ulifanywa 1973, utekelezaji ukapata msukumo mpya 2016. Ukijaza ukurasa na miaka hiyo, umejibu swali la historia ambalo halikuulizwa.

Kondoa tena: Na Dodoma kupewa hadhi ya jiji, 2018?
Jibu: Liweke kwenye aya ya faida, kama unaweza kuonyesha faida yake. La sivyo, liache.