Kabla hujanunua kwadi ya mbio ambayo mtengenezaji wake amefilisika

Kwadi ya mbio, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ya kampuni iliyokufa huuzwa rahisi, na urahisi huo ndio unaowavuta watu. Unaona fremu ya alumini, shokapu za maana, injini yenye nguvu, na bei iliyo chini kabisa ya ile ya Honda au Yamaha ya umri huohuo. Si lazima muuzaji awe anakudanganya. Mashine inaweza kuwa nzuri kweli. Lakini bei imeshuka kwa sababu ya jambo usiloweza kuliona ukiizunguka mashine: siku sensa moja itakapokufa, hakuna dirisha la spea la kwenda kugonga. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukaguzi inafanyika kabla hujaenda kuitazama.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Cannondale. Kampuni hii ya Marekani ilianza mwaka 1971, ikajijengea jina kwa baiskeli za fremu ya alumini, kisha ikaamua kuingia kwenye pikipiki. Kiwanda chake cha Bedford, Pennsylvania, kilitoa pikipiki ya motokrosi, halafu kwadi ya FX400, na baadaye Cannibal, Speed na ndugu zao. Injini ilikuwa ya silinda moja, sentimita za ujazo 432, yenye stata ya umeme na mfumo wa kompyuta wa kunyunyiza mafuta, wakati ambapo kwadi nyingi za mbio zilikuwa bado zinatumia kabureta. Kichwa cha silinda kiligeuzwa: hewa inaingilia mbele, moshi unatokea nyuma. Januari 2003 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, ikiwa imeelemewa na hasara ya kitengo hicho kipya.

Kilichofuata ndicho mnunuzi anapaswa kukielewa. Biashara ya baiskeli iliokolewa ikaendelea, na jina Cannondale liko kwenye baiskeli hadi leo. Mali za kitengo cha pikipiki na kwadi zilikwenda kwa kampuni nyingine, ATK ya Utah. Kwa hiyo mtu anayepiga simu kwa muuza baiskeli wa Cannondale kuulizia gasketi ya kwadi anapoteza muda wake na wa mwenzake. Jina limekwenda njia moja, vipuri njia nyingine.

Basi swali la kwanza ni hili: ufilisi wenyewe ulikuwa wa namna gani, na nani alichukua nini? Kwa sheria ya Marekani, Sura ya 11 huipa kampuni nafasi ya kujipanga upya chini ya mahakama. Sura ya 7 ni ya kufunga na kuuza kila kitu. Nchi nyingine zina taratibu zao, ila tofauti hiyo ya kuokoa na kuzika iko karibu kila mahali. KTM ya Austria iliingia kwenye utaratibu wa ufilisi Novemba 2024, ikapata fedha kutoka kwa mshirika wake Bajaj wa India, na ikarudi kuzalisha. Kwadi zake za mbio zilikuwa zimeachwa kutengenezwa miaka mingi kabla ya hapo, kwa sababu zisizohusiana na ufilisi huo. Kwa hiyo usilishike neno “kufilisika” peke yake. Tafuta nani ana michoro, nani ana kalibu za plastiki na za kumiminia kasha la injini, na nani alinunua ghala la spea. Aliyenunua ghala tu atauza mpaka liishe, kisha atafunga mlango. Mwenye kalibu anaweza kutengeneza upya, akitaka. Mwenye jina pekee hana lolote la kukusaidia.

Dhamana ihesabu haipo. Anayenunua mali za kampuni mufilisi mahakamani kwa kawaida huzichukua bila madeni yake, na ahadi aliyopewa mteja wa zamani huwa miongoni mwa madeni hayo. Vivyo hivyo kwa kasoro za kiusalama: mashine zinapoitwa kurudishwa kurekebishwa, anayelipia ni mtengenezaji. Asipokuwepo, kasoro inabaki kwako. Uliza kama kulikuwa na wito wa aina hiyo kabla ya kampuni kuanguka, na kama mashine hii ilirekebishwa.

Tuje kwenye vipuri, maana hapa ndipo mnunuzi anapopona au anapozama. Mimi huvigawa mafungu matatu, na hukaa na karatasi kabisa.

Fungu la kwanza ni vya kawaida, ambavyo mtengenezaji mwenyewe alivinunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Beringi ina namba ubavuni: 6205 ni 6205 popote, milimita 25 ndani, 52 nje, 15 unene, na haijali imefungwa kwenye kwadi au kwenye mashine ya kufulia. Sili nazo huandikwa vipimo. Mnyororo wa 520, plagi, betri, padi za breki, tairi za 21x7-10 mbele na 20x10-9 nyuma, vyote hivyo havikupi usiku wa mashaka. Shokapu za kampuni inayojulikana hufunguliwa na kukarabatiwa na fundi wa shokapu bila kuuliza zilitoka kwenye chombo gani.

Fungu la pili ni vya kuazimwa. Kampuni nyingi hazikutengeneza injini zao. Polaris Outlaw 525, kwa mfano, ilibeba injini ya KTM. Suzuki LT-Z400 iliuzwa pia kama Kawasaki KFX400 na kama Arctic Cat DVX400. Ukikuta kwadi ya kampuni iliyokufa lakini injini ni ya kampuni hai, nusu ya hofu yako iondoe. Tafuta namba zilizochongwa kwenye kasha la injini. Usitegemee kibandiko cha pembeni.

Fungu la tatu ni vya kwake peke yake, nalo ndilo linaloamua. Alichojisifia mtengenezaji ndicho hasa kitakachokusumbua. Kile kichwa cha Cannondale kilichogeuzwa kilikuwa ubunifu mzuri, lakini maana yake ni kwamba huwezi kuchukua kichwa wala ekzosi ya mashine nyingine ukafunga. Andika vitano: kichwa cha silinda, kasha la injini, kompyuta ya injini, mkusanyiko wa waya, na pampu ya mafuta. Kisha vitafute kwa wiki mbili kana kwamba vimeharibika leo. Vya mitumba vihesabu, ila angalia vinatokea mara ngapi na vinaondoka kwa bei gani. Ukikosa viwili kati ya vitano kwa bei yoyote ile, unanunua mashine ya kuonyesha wageni.

Tahadhari moja kuhusu spea mpya za zamani, zile ambazo bado ziko kwenye pakiti ya kiwandani. Chuma hakina shida. Mpira una umri hata ukiwa kwenye boksi: sili, pete za mpira na diaframu vilivyofungwa kabla ya 2003 vina zaidi ya miaka 20 na vinaweza kuwa vimekauka.

Vyuma vina fundi, na hili linatia moyo. Silinda inaweza kupakwa upya au kuwekewa slivu, pistoni ikaagizwa kwa vipimo, krenki ikafunguliwa na kuwekewa konrodi mpya, mikono ya mbele ikachomelewa. Kinachoua mashine hizi ni umeme. Kompyuta ya injini ina ramani ya mafuta ndani yake, yaani jedwali linaloiambia inyunyize kiasi gani na wakati gani, na kuisoma au kuibadilisha kunahitaji programu na kebo za kampuni ambayo haipo. Muulize muuzaji: ramani iliyomo ni ipi, ilibadilishwa lini, na vifaa anavyo nani? Akisema “sijui, inawaka tu”, hilo nalo ni jibu. Inawezekana kufunga kompyuta ya kisasa inayopangwa upya, mradi injini ina sensa ya krenki, ya kufunguka kwa hewa na ya joto zinazosomeka. Lakini hiyo ni kazi ya fundi wa kupanga kompyuta za injini mwenye dainamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini, na ankara yake huweza kupita bei uliyonunulia kwadi. Ipigie hesabu kabla ya kutoa pesa.

Siku ya kuiona, fika injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa ekzosi kwa mkono uhakikishe. Betri dhaifu huifanya pampu na kompyuta vigome, kwa hiyo njoo na betri unayoiamini, vinginevyo utalaumu kompyuta isiyo na kosa. Usidanganywe na kipimo cha mgandamizo peke yake: injini nyingi za mipigo minne zina kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na namba hutoka ndogo bila ubovu wowote. Kipimo cha uvujaji, cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kuona inapotea kiasi gani, ndicho chenye ukweli. Hewa ikipotea asilimia 10 au chini, injini iko vizuri. Ikipita 20, sikiliza inakotokea. Kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya kichwa. Kwenye mashine ya kawaida, valvu mbovu ni punguzo la bei. Hapa inaweza kuwa mwisho wa safari.

Fremu ya alumini ioshe kwanza, kisha pitisha tochi kwenye viungo vyote, hasa inaposhika mikono ya mbele na mkono wa nyuma. Alumini haipindi sana kabla ya kupasuka. Mchomeleo uliorudiwa unatambulika kwa kutofanana na mingine.

Karatasi nazo. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 haitumii I, O wala Q, na nafasi ya 10 huonyesha mwaka wa modeli: 1 kwa 2001, 2 kwa 2002, 3 kwa 2003. Ilinganishe na hati. Mashine zilizouzwa kwenye mnada wa mfilisi zikiwa hazijawahi kusajiliwa wakati mwingine hukosa cheti cha asili cha mtengenezaji, na ofisi ya usajili ikikitaka hakuna wa kukiandika upya. Kwadi isiyosajilika ina bei ya spea, hata kama inang'aa kiasi gani.

Hilo linanileta kwenye ushauri ambao wengi huupuuza: nunua mbili. Moja ya kuendesha, nyingine iliyokufa ya kuchinja, ya modeli ileile na ikiwezekana mwaka uleule, kwa sababu kampuni ndogo hubadilisha vitu katikati ya uzalishaji bila kutangaza. Zikizidi bajeti kwa pamoja, ile moja nayo imezidi.

Na kabla hamjapeana mikono, muulize muuzaji kama ana kitabu cha ufundi, funguo ya pili, na lile boksi la vipande lililoko kona ya gereji. Wamiliki wa mashine hizi huwa nalo karibu wote. Lifungue mbele yake, uone ndani kuna nini, kisha ndiyo mjadili bei.