Kuandika matokeo ya jaribio la kitabibu katika ombi la ufadhili

Ombi lenye swali zuri na wagonjwa wa kutosha Malindi bado huanguka kama mwombaji amejitungia kipimo chake mwenyewe, kwa sababu matokeo yake hayatajumlishwa na ya majaribio mengine. Tumia seti ya matokeo ya msingi: orodha fupi ambayo wagonjwa, matabibu na watafiti wamekubaliana ipimwe katika kila jaribio la ugonjwa huo. Mfano wetu ni ukurutu (eczema) wa watoto.

1. Tafuta ugonjwa wako kwenye hifadhidata ya COMET, mradi wa kimataifa unaokusanya seti hizi. Ni bure. Soma makala yenyewe, usiishie kwenye muhtasari.

2. Hakikisha ugonjwa, umri na aina ya tiba vinaoana na vyako. Seti iliyotungwa bila mgonjwa wala mlezi, mimi siiegemei. Ikikosekana kabisa, andika tarehe uliyotafuta na maneno uliyotumia. Kutunga seti mpya ni mradi mwingine; usiupachike humu.

3. Tenganisha kinachopimwa na kinachopimia. Kwa ukurutu, seti ya HOME, kundi la kimataifa linalokubaliana vipimo vya ugonjwa huu, ina mambo manne: dalili anazoziona mtaalamu (kipimo ni EASI, alama 0 hadi 72), anazozisema mgonjwa au mlezi (dodoso la POEM, alama 0 hadi 28), ubora wa maisha, na udhibiti wa muda mrefu. Dodoso la ubora wa maisha hubadilika kwa umri: CDLQI ni la miaka 4 hadi 16, wadogo zaidi wana lao.

4. Dodoso la Kiswahili. Hapa ndipo miezi hupotea. Kwanza mwulize mwenye dodoso kama tafsiri ipo, na uombe ruhusa kwa maandishi. Kama haipo, watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, tafsiri zao zioanishwe, kisha mtu asiyewahi kuona dodoso la asili airudishe kwenye Kiingereza. Halafu ijaribu kwa walezi. Mama wa Malindi mjini, wa Lamu anayesema Kiamu na wa Ganda anayesema Kigiriama huenda wasilisikie swali kwa namna moja. POEM huuliza mbali mbali kuhusu ngozi kupasuka na ngozi kubanduka. Yakisikika kama jambo moja, alama huhesabiwa mara mbili. Mwambie mlezi alieleze swali kwa maneno yake. "Ndiyo, nimeelewa" haitoshi. Kwa wasiosoma, amua mapema nani atawasomea, na iwe hivyo kila ziara. EASI nayo ina mtego wake: wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo wafunze wapimaji kwa picha za ngozi nyeusi, na mtoto apimwe na mtu yule yule. Yote haya yaingie kwenye bajeti, kabla ya gharama za kuandikisha wagonjwa.

5. Kila tokeo lina sehemu tano, yaani kinachopimwa, kipimo, namna ya kuhesabu kwa kila mtu, namna ya kujumlisha kundi, na wakati: "Dalili kwa mlezi, POEM, badiliko tangu mwanzo, wastani wa kila kundi, wiki ya 12." Chagua moja kuu na ukokotoe idadi ya washiriki kwa hilo. Seti ni kiwango cha chini: kuongeza ruksa, ukipunguza toa sababu.

6. Nakili maneno hayo hayo kwenye itifaki (mpango rasmi wa jaribio) na kwenye PACTR, sajili ya majaribio ya kitabibu ya Afrika. Ukiandika "wiki ya 12" hapa na "miezi mitatu" kule, mkaguzi atakuuliza ni ipi.