Mchezo wa ramani mjini: pakua nyumbani, zima mega

Kwa wanaotembeza wanafunzi Lubumbashi na mchezo wa simu unaofuata mahali mlipo: pakueni ramani mkiwa bado nyumbani, mkitoka zimeni mega (data ya intaneti). GPS yenyewe haili mega, inapokea tu ishara za setilaiti; kinachokula ni picha za ramani. Duara la kila kituo, yaani eneo ambamo simu hufungua swali, liwe mita 30, si 5. Hata mahali pa wazi simu hukosea mita 5 hivi, na kando ya maghorofa huweza kuwarusha hadi ng'ambo ya barabara. Swali nalo lidai macho na akili: pale Posta, waulizeni bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, liko upande gani, na kwa nini mji wa 1910 ulijengwa karibu na tanuru la shaba. (Hapo wakubwa hubishana kuliko watoto.) Ndani ya jumba la makumbusho mbinu hii inakwama, paa linazuia ishara, wapeni namba ya kuandika wenyewe ili swali lifunguke. Simu iliyokaa muda bila GPS huchelewa kujua mahali ilipo ikiwa haina intaneti: iwasheni uani dakika chache kabla ya kuondoka.